Mto wa Sebuleni

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na salamu za mama yako pia. Hali yangu ni ya mzee: leo afadhali, kesho tutaona. Mapafu yamegoma. Daktari ananitia moyo kwa sauti ile ya fundi anayejua gari halitapona.

Lenzi uliyonitumia imenirudishia kazi. Mlangoni sifiki tena, basi nasafiri mezani. Jana nilipiga picha ya punje ya chumvi: nyumba nzima ya vioo, ina ngazi na vyumba. Juzi sisimizi alikuja kunywa dawa yangu ya kikohozi. Miguu yake ina vinyweleo, naye alikuwa anaipangusa mmoja mmoja kama bwana mkubwa anayeingia ofisini. Nakutumia zote mbili. Muuguzi alisema nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwonyesha uzi wa shuka lake ulivyosokotwa kama kamba ya meli. Akaomba nimpigie picha ya pete yake.

Mwambie mama nakula.

Baba yako Mkubwa


22 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sisi wazima, ila mama na magoti yake. Sisimizi nimembandika kazini, juu ya meza ninapopigia picha wadudu wa mbegu. Wenzangu wanamwita Meneja.

Nina swali. Kioo cha ile picha ya sebuleni kimepasuka, ile ya mto iliyopigwa kutoka angani, zawadi yako ya harusi ya baba na mama. Unajua nilivyokua chini yake. Nikiwa mdogo nilikuwa nachagua nyumba yetu tuijenge ukingo upi. Ni mto ule ulionishikisha kamera.

Nilipoitoa kwenye fremu, pembeni kabisa, mahali palipofichwa na mbao, niliona alama nyeupe. Nikaitazama kwa lenzi ya karibu. Ni chaki, imeandikwa juu ya kitu kigumu: 17.

Mito haiandikwi kwa chaki, Baba Mkubwa. Ile ni picha ya nini?

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Ikishasomwa, sijui. Nimeianza mara nne.

Ule si mto. Ni ufa.

Unajua nilikuwa mkaguzi wa maboila, yale matangi ya mvuke ya viwandani. Boila la kiwanda cha sabuni likizimwa na kupoa, nilikuwa naingia ndani kwa tumbo, naandika namba kwa chaki kando ya kila mshono wa kuchomelea, nalaza tochi ubavuni ili kivuli kionyeshe kasoro, kisha napiga picha kwa karibu, sehemu isiyozidi upana wa vidole viwili. Mishono ilikuwa thelathini na sita. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi baba yako anaoa, na mimi ndiye msimamizi wake.

Niliposafisha filamu, namba kumi na saba ilinisimamisha. Mstari mwembamba kuliko unywele, wenye vijito, unapinda kwenye chuma kama maji yanayotafuta njia. Sikuwahi kupiga kitu kizuri vile. Kanuni ilinitaka nirudi, nikwangue pale, nihakikishe, na boila lisimame siku tatu. Nikajiambia ni mkwaruzo wa rangi tu. Nikaandika “safi”, nikatia sahihi, nikapanga kurudi Jumatatu. Picha nikaikuza, nikaitia fremu, nikawapa maharusi.

Jumatatu sikurudi. Kurudi kulikuwa ni kuikana sahihi yangu. Kila wiki boila lilipostahimili, nilijiona nimepata ushahidi kwamba ni rangi. Na mwendeshaji wa boila lile, siku zote hizo, alikuwa mdogo wangu, baba yako. Mara moja nilimwuliza kwa mzaha, “Bibi yako huyo wa chuma halalamiki?” Akacheka. “Kaka, anakoroma kama wewe tu.”

Mwezi wa kumi na moja likapasuka. Lilichukua watu watatu, baba yako mmoja wao. Wewe ulikuwa tumboni.

Kwenye uchunguzi walisema baba yako alisinzia, akaacha maji yakauka. Nikaulizwa picha namba kumi na saba iko wapi. Nikasema filamu iliharibika. Ilikuwa kwenu, ukutani, na mama yako ameshaweka kitanda cha kitoto chini yake.

Baba yako hakusinzia. Hilo nilipaswa kulisema siku ile ile, mbele ya wale watu, nikiwa bado na pumzi. Sikuombi kitu.

Kaka wa baba yako


3 Juni

Baba Mkubwa,

Salamu sina. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mama hakunilea hivyo.

Amesoma. Hakulia. Aliuliza, “Kumbe hakusinzia?” Nikamwambia hakusinzia. “Hakusinzia,” akarudia, polepole, kama mtu anayefundishwa jina.

Unajua wajane wale wawili wakimwona mama huvuka barabara? Miaka thelathini na moja. Mmoja alinitemea mate nikiwa nimevaa sare za shule. “Mtoto wa msinziaji.” Nawe uliwahi kunifuta machozi kwa sababu hiyo hiyo, ukaniambia watu wana midomo.

Wewe huombi kitu. Mimi naomba. Nataka negativi, ile filamu uliyosema iliharibika, na maelezo yako yaliyoshuhudiwa. Usipoyaleta, usife ukiniita mwanao.

Binti wa mdogo wako


15 Juni

Binti wa mdogo wangu,

Negativi hii hapa. Imekaa kwenye kopo la majani ya chai katika kila nyumba niliyohamia. Maelezo ameyaandika muuguzi kutoka mdomoni mwangu, daktari ameshuhudia. Sahihi yangu siiamini tena, nimeweka dole gumba.

Tangu aandike, muuguzi ananigeuza, ananilisha, anatoka. Picha ya pete yake ameirudisha mezani.

Wino ulipokuwa bado mbichi niliinua lenzi nilitazame lile dole. Mazoea. Mistari yake inapinda vile vile. Lenzi yako imo humu pamoja na negativi. Mimi nimeona vya kutosha.

Kaka wa baba yako


29 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mzigo umefika. Niliwaita wajane wote wawili sebuleni, nikawasomea. Mmoja aliondoka kabla sijamaliza. Yule aliyenitemea mate alimshika mama mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kesho napeleka nakala kiwandani.

Picha, niliyokuwa nimeirudisha ukutani, mama aliitoa mwenyewe. Pamebaki mraba msafi na msumari.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini usife kabla ya Ijumaa. Tunakuja, mimi na mama, na magoti yake yale. Ana jambo moja la kukuuliza. Nakuandikia mapema ili usije ukatafuta jibu mbele yake.

Kila Jumapili ulipokuja kwetu ulikaa kiti cha mlangoni, picha ikiwa mgongoni kwako. Tulidhani unapenda upepo. Mama alikuwa anakisogeza pale kabla hujafika, anakifuta vumbi, anasema shemeji anapenda upepo.

Anataka kujua kama kuna siku uligeuka.

Mwanao