Waya wa Hillary Kwenye Kumuse ya Baba

S.L.P. 61,
Endebess.
9 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Wabwile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Mary Ann na watoto mko wazima, na kwamba joto la Doha limepungua. Sisi tunaendelea. Shemeji yako Kipsang anaumwa mgongo lakini anavuna mahindi hivyo hivyo, maana mvua haitaki kutupisha. Mama alilazwa Lugulu siku nne kwa sababu ya presha. Sasa amerudi nyumbani Bumula na anakula vizuri.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu unasoma ujumbe wangu halafu unanyamaza. Barua angalau utaifungua ukidhani kuna picha ndani. Hakuna.

Nataka kukueleza habari za binamu yetu Hillary na ile droni uliyomwagiza alete kwenye matanga ya Baba. Hillary unamjua. Alifuga sungura akawa daktari wa sungura. Akafungua kinyozi pale Kitale, kikafa kabla ya kalenda ya ukutani kwisha. Sasa anavaa koti lenye mistari ya kung'aa, na anataka tumwite Kapteni. Kapteni wa nini, sijui. Hiyo ndege yake imefungwa waya chini kama ndama, haiendi popote. Inapanda juu ya boma, inasimama, inatuangalia.

Droni za wenzake zinatumia betri na hushuka kila baada ya nusu saa. Yake inapata stima kutoka kwa jenereta, kupitia waya mwembamba unaotoka kwenye sanduku na kupanda nayo angani. "Dada, hii haizimiki, bana," aliniambia huku akitafuna chingamu. "Stima si inatoka chini. Hata siku mzima inakaa tu huko juu, na Wabwile anaona kila kitu kwa simu yake huko Doha."

Nitamtendea haki, ingawa inaniuma. Kwa kumuse, wazo lenyewe halikuwa baya. Hujasahau, natumaini, ingawa miaka tisa huko ugenini ni mingi. Siku ya tatu baada ya mazishi mzee anatembea na fimbo yake katikati ya watu, akisimulia ukoo na maisha ya marehemu, na sisi wote tumekaa chini. Akishaanza hakuna kuinuka. Hakuna kukatisha njia yake mpaka atakapomaliza. Sasa nani angeinuka kubadilisha betri? Hapo Hillary alifikiri, mara yake ya kwanza, na uchovu wa kufikiri ukamzuia kuendelea.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, jenereta aliiweka nyuma ya jikoni ili isipige kelele. Sanduku akaliweka upande wa pili wa uwanja, mbali na mahema, ili ndege ipate mahali wazi pa kupandia. Kati ya jikoni na sanduku kuna nini? Njia ya mzee. Kapteni akapitisha waya humo humo, akaufunika kwa mchanga kidogo kwa kiatu chake. Nilimuuliza. Akaniambia waya ni mwembamba, nani atauona. Mtu amezaliwa Mbukusu, baba yake Mbukusu, na anafikiri kosa ni kuonekana kwa waya.

Mzee Wangila alianza saa tatu asubuhi. Alisema vizuri mno, ndugu yangu. Alitaja mababu mmoja mmoja, akasimulia Baba alivyohama na ng'ombe wawili, na jinsi alivyokataa kuuza shamba mwaka ule wa njaa. Kila akitembea alisogea karibu nasi kidogo, maana familia ilikuwa imekaa mwisho wa uwanja. Yalikuwa yamebaki maneno ya kumhusu Mama na watoto tu. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

Mvua ya usiku ilikuwa imeosha mchanga wa Hillary. Mzee akafika kwenye waya, akasimama. Akautazama kutoka jikoni hadi kwenye sanduku, halafu akaufuata kwa macho mpaka angani. Hakuna aliyeweza kuinuka kuuondoa. Watu mia nne tumekaa kimya, jenereta inanguruma, na Hillary amekaa na kidude chake mapajani, jasho linamtoka. Yeye mwenyewe hakuthubutu kusimama.

"Njia yangu imekatwa," Mzee Wangila akasema. "Mimi siruki waya kama mbuzi." Akageuka, akaenda zake. Hakumaliza. Sijawahi kusikia jambo kama hilo tangu nizaliwe. Mama alijifunika leso usoni, na juu yetu ile takataka ilikuwa bado inaelea, haijapungukiwa na stima hata kidogo.

Jioni ile ile ukaandika kwenye grupu la familia. Nimeuhifadhi ujumbe wako, nitaunakili kama ulivyo: "Nimetazama mpaka mwisho. Nimelia sana. Mzee amefunga kwa maneno mazito. Baba apumzike."

Grupu lilinyamaza siku mbili. Labda ulidhani ni majonzi.

Nilimfuata Hillary mpaka Kitale, nikamwambia afungue laptopu yake. Alikuwa mdogo kama panya, Kapteni. Tukaona kila aliyetazama na muda aliokaa. Wewe ulikaa dakika kumi na moja, Wabwile. Mzee Wangila hata hakuwa amefika kwa babu yetu. Saa mbili na zaidi ile mashine ilikaa hewani kwa ajili yako, ikaharibu kumuse ya baba yako kwa ajili yako, na wewe hukuwepo. Hillary ni mjinga na nimemwambia hivyo mbele ya mke wake. Lakini Hillary alikuwa amekaa pale chini. Namdharau kidogo. Wewe nimekudharau mpaka nimeshindwa kulala, na sipendi kumdharau mtu niliyembeba mgongoni.

Wazee wamekaa. Mzee Wangila amekubali kurudi tarehe ishirini Desemba amalize alipoachia, kwa sharti moja: mwana wa kiume wa kwanza wa marehemu awe amekaa mbele, kwenye mkeka. Usiniambie kuhusu likizo. Usimpigie Hillary.

Msalimie sana Mary Ann na uwabusu watoto. Shangazi Nabwile anakusalimu, ingawa siku hizi anakuita "yule wa mbinguni." Kipsang anakusalimu pia. Yeye hana neno, anasema nimeshayasema yote mimi. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia ya kurudi.

Jambo moja la mwisho. Asubuhi ile kabla mzee hajaanza, Hillary alimwambia Mama kwamba uko ndani ya ile ndege unamwona. Kwa hiyo wakati sisi wote tumetulia, Mama alikuwa akiinua mkono polepole chini ya leso, akikupungia. Alifanya hivyo mpaka mzee alipoondoka. Jumapili ameniuliza kama ulimwona. Nimemwambia ulimwona, na ukampungia pia. Ameniuliza ni mkono gani.

Dada yako anayekupenda hata akikasirika,
Nasimiyu