Masale ya Nyuma ya Jiko

Jumanne, 8 Julai
Maandazi, kufua, kufagia uwanja. Droni imepita tena juu ya migomba, kuku wakakimbilia uvunguni. Korogwe nyumba zinaota kama uyoga, vijana wa mipango miji wanataka kila moja ionekane kwenye ramani ya simu. Binti yao mwenye kishikwambi, Neema, ameniamkia vizuri, akauliza kama uwanjani kuna kaburi. Nikasema hakuna. Kwetu kichanga hakihesabiwi. Hakiwekewi matanga wala saruji. Mama mkwe alipanda mimea ya masale tu juu yake, basi.

Ijumaa, 11 Julai
Mkutano wa mtaa. Ramani imebandikwa ukutani. Barabara mpya inapita nyuma ya jiko langu, juu ya mwanangu. Neema aliona masale pichani, akadhani ni mpaka wa viwanja. Nani asingedhani? Hata Mpale nilikozaliwa, mpaka ni masale. Watu wamepiga makofi. Na mimi nimepiga. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai
Mume wangu amekuja kutoka Handeni anakojenga. Nimemweleza. Chai ikapoa.
"Mama Zuhura, gari lingefika siku ile, Mhina angekuwa kidato cha pili."
Jina hilo hatujawahi kulitamka mbele ya watu. Na ni kweli. Masika yale bajaji ilikwama kwenye tope, nikajifungulia njiani. Barabara naitaka. Hapo siitaki.

Jumatano, 16 Julai
Nimemfuata Neema, nikamwambia ukweli. Amelia, mtoto wa watu. Anasema barabara inaweza kusogezwa, ila itachukua nyumba ya Bi Asha, jirani yangu, mjane. Hana pengine pa kwenda. Nikamwambia aache ilivyo. Nimerudi nyumbani nina hasira na kila mtu.

Jumamosi, 19 Julai
Greda linakuja Jumatatu. Tumechimba asubuhi, sisi wawili na shehe, tumhamishie makaburini. Hatukukuta kitu. Udongo mwekundu na mizizi. Nimelia kwa sauti. Siku tuliyomzika nilikatazwa.

Jumamosi, 2 Agosti
Bajaji sasa zinageuzia mlangoni. Bi Asha kapelekwa kliniki na kurudishwa bila kukanyaga tope.
Mwenyekiti wa mtaa kapita kuuliza barabara iitwe nani, wapeleke jina kwenye nguzo na kwenye simu. Nikasema Mhina.
"Mhina yupi, mama?"
"Mkazi wa hapa."
Akaandika, akaenda zake. Jioni nimefagia uwanja, nikaendelea hadi barabarani.