Hita Imegoma, Mama Mkwe Anakuja

Jumatatu, 3 Juni
Nimeoga maji ya barafu. Nimetoa sauti ambayo mke wangu anasema hajaisikia tangu anioe — ndivyo alivyosema, anioe! Hita ya gesi inalia ta-ta-ta, moto hauwaki. Gesi ipo, jiko linawaka vizuri tu. Na Jumamosi mama mkwe anakuja na magoti yake. Daktari kamwambia aoge maji ya moto. Kwa mkwe mwenzangu, mume wa dada yake mke wangu, ya moto yapo saa zote. Mimi mwaka jana niliahidi kumwezekea mama mkwe banda la kuku. Mpaka leo kuku wananyeshewa. Tangu hapo naitwa Mkwe Maneno. Safari hii ataoga, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Juni
Nimebadilisha betri za hita. Sasa ta-ta-ta inasikika mpaka kwa jirani. Moto, hakuna.

Jumatano, 5 Juni
Nimesoma kijitabu cha maelekezo karibu chote — kumbe ni cha friji. Nimefungua kifuniko, nimepuliza vumbi, nimerudisha skrubu saba. Zilikuwa nane. Mke wangu kauliza kwa nini tusiite fundi. Nikasema fundi ni mimi. Akacheka mpaka akakaa chini. Imeniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Baridi. Sina la kuandika.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi kazini, namkuta fundi bomba jikoni anakunywa chai. Mke wangu kamwita kimyakimya. Kazi ya dakika kumi! Hita haiwaki mpaka ipitiwe na maji ya kutosha, na chujio, pale maji yanapoingilia, lilikuwa limejaa mchanga. Kalisuuza, moto — vuu! Nimeruka kama mtoto. Ila presha ya nyumba hii ni ndogo: mtu akiwa anaoga, bomba jingine likifunguliwa, moto unazima. Dawa yake pampu, na pampu haipatikani mpaka Septemba. Kwa sasa, kasema, ogeni kwa nidhamu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe yuko bafuni, dakika ya hamsini. Naandika nimeketi chini ya sinki la jikoni, nalinda bomba. Nimepiga marufuku kunawa, kuosha vyombo na kuvuta maji chooni. Mke wangu alikuwa anakanda ngano. Unga umemganda hadi viwikoni. Mimi mwenyewe nimebanwa tangu saa nne, lakini mvumilivu hula mbivu.

Alikuwa anaimba. Sasa anatuita kutoka humo humo bafuni, maji bado yanamwagika. Anasema magoti yamelegea. Kwa mkwe mwenzangu, kasema, maji ni ya moto, ila kelele tupu. Hapa kuna utulivu, hata kijiko hakigongi. Ya banda la kuku kanisamehe. Machozi yamenilengalenga, sifichi.

Halafu kaongeza: alikuwa aondoke Jumanne, sasa haondoki tena. Atakaa mpaka Desemba, na ataoga asubuhi, mchana na jioni.

Mke wangu kanitazama. Katazama mikono yake. Sasa anausogeza mmoja kwenye bomba, polepole, hanitazami tena. Nimzuie? Mama ni wake, mimi ni mkwe tu —