Vile Vifaa Ulivyopanga Jumamosi

Mpendwa Baba,

Nimekaa kwenye kile kiti chako cha miguu mitatu, mlangoni pa stoo, pale ulipokuwa ukinoa mapanga ya majirani bila kuombwa. Ubao wako wa vifaa uko mbele yangu. Msumeno upo, tupa zote tatu zipo, spana zimejipanga kutoka kubwa hadi ndogo, na nyuma ya kila kimoja ipo ile michoro yako ya rangi nyekundu inayofuata umbo la kifaa. Tangu tukuzike hakuna aliyehamisha kitu. Hata mama akichukua nyundo kugongea mti wa boma, anairudisha kabla hata ya kunawa mikono.

Barua hii si ya siri. Jumamosi tunafanya ibada yako ya ukumbusho hapa Kimulot, na nimemwomba mchungaji anipe nafasi niisome. Watakuwepo majirani, watakuwepo watu wa kituo cha majani chai, na mafundi wa karakana uliyofanyia kazi wamesema watakuja. Nataka wote wasikie kwa sababu wote walikucheka. Ila nitaanza mbali kidogo. Nikianzia pale panapouma sitafika mwisho.

Unakumbuka ile siku ya ndoo? Nilikuwa darasa la pili. Nilimaliza kumpa ndama maziwa, nikaiacha ndoo chini nikakimbilia mchezo, ng'ombe akaikanyaga ikakunjika. Nilijua leo ni kiboko. Wewe ukanishika mkono polepole, ukanipeleka mpaka kwenye kile kigingi cha kutundikia ndoo, kikiwa kitupu.

"Angalia," ukasema. "Hii mahali inalia."

Tukasimama pale, mimi na wewe, tukiangalia kigingi. Tulisimama mpaka nikaanza kulia mimi. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha ndoo nje, na hata leo nikiona kikombe kimewekwa dirishani roho yangu haitulii.

Karakanani ulikuwa hivyo hivyo. Kiwanda cha chai kikivunjikiwa na shafti, kuanzia kwetu huku hadi Chepilat, kiliileta kwako kwenye lethi yako, ile mashine ya kuzungusha chuma kikichongwa, na kabla hujagusa chuma ulipanga visu vyako vya kukatia juu ya kitambaa, ukavihesabu kwa kidole. Ukimaliza, kila kisu kilipanguswa, kikapakwa mafuta, kikarudi kwenye shimo lake. Kitambaa ulikikunja mara nne. Vijana walikutania kwamba hata mbinguni utaanza kwa kuwapanga malaika kwa urefu, nawe ulicheka pamoja nao.

Halafu nikamaliza chuo, na ile mashine ikaja. Karakana nzima ilitoka nje kuipokea, ikashushwa kwa kreni huku mafundi wakibishana kama itapita mlangoni. Mimi nikapewa niiendeshe, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyesomea zile za kuongozwa na kompyuta. Ulinunua soda ukawapa watu wote. Ulisema, "Huyu ni msichana wangu," kana kwamba kulikuwa na mtu asiyejua.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya wale watakaonisikiliza na hawajaiona. Mashine ile haingoji mtu aibadilishie kisu. Ubavuni ina gurudumu lenye mashimo ishirini, na kila shimo lina kifaa kimoja: drili, kisu kipana cha kusawazisha chuma, cha kuchonga nyuzi za skrubu, na vingine. Mashimo yana namba, na vifaa pia vina namba. Hizo za kwenye vifaa, Baba, ulizigonga wewe mwenyewe kwa nyundo na stempu, moja hadi ishirini, zikanyooka vizuri. Kazi ikihitaji kifaa kingine, gurudumu linazunguka, mkono wa chuma unatoka, unashika kipya upande huu na kile cha zamani upande ule, unageuka, umemaliza. Hata kukohoa hujakohoa.

Sasa siri yake ni hii. Kwa haraka yake, mkono ule haukirudishi kifaa kwenye shimo kilikotoka. Unakiacha palepale ulipochukua kile kipya. Baada ya saa moja ya kazi, namba nne inalala katika shimo la kumi na mbili, namba saba iko kwa tisa, na ukiangalia kwa macho utasema mwenye mashine hii ni mchafu. Lakini kompyuta inakumbuka kila kimoja kiko wapi. Mtu akivihamisha bila kuiambia, imepotea, na haijui kwamba imepotea.

Wewe ulitaka kujua. Kwa siku nyingi ulikuja saa ya chai, ukasimama umeshika kofia yako, ukatazama mkono ukigeuka. Vijana walishaanza kusema mzee amepata sinema ya bure. Siku moja ukauliza, kwa ile sauti yako ya kushindana na kelele za lethi:

"Chebet, hii mkono ikitoa kisu, huwa inarudisha mahali yake?"

Wote wakageuka. Kijana mmoja akasema, "Mzee, uliza pia kama inakunywa chai." Wakacheka. Na mimi, Baba, niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya kofia yako, kwa ajili ya Kiswahili chako, kwa ajili ya swali lako, ambalo ndilo swali bora zaidi aliloniuliza mtu yeyote kuhusu mashine ile. Ningeweza kukueleza kwa dakika mbili. Nilijibu bila kukutazama:

"Ndiyo, Baba, inarudisha. Hii si lethi."

Ukatabasamu. "Basi iko na adabu," ukasema, ukavaa kofia, ukarudi kazini.

Hilo ndilo jambo nililokuja kusema. Mengine yote yalitoka hapo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa harusini Kabianga. Bwana Nyakundi, msimamizi wetu, alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu wakubwa wa viwanda watakuja kuiona mashine. Wengine walifagia wakaenda zao. Wewe ulibaki. Hakuna aliyekuona, lakini mimi naiona Jumamosi ile kuliko harusi niliyokuwemo. Ulifungua kile kilango cha gurudumu upanguse vumbi. Ukakuta namba nne kwa kumi na mbili, namba saba kwa tisa, kila kitu kimevurugika, na wageni wanakuja. Na mimi mwenyewe nilikwambia kwamba mashine hii hurudisha. Sihitaji kuambiwa ulivyofikiri. Ulifikiri binti yako ameacha ndoo nje.

Ukavitoa vyote, kimoja kimoja, ukapangusa, ukapaka mafuta, ukavirudisha, namba moja kwa shimo la moja, mbili kwa la mbili, mpaka ishirini. Ulinifichia aibu, halafu ukaenda nyumbani ukanyamaza, kwa sababu hukuwa mtu wa kutangaza wema.

Jumatatu wageni walisimama mstari, makoti meupe yamefungwa vifungo vyote. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Mashine ikaita namba nne, kile kisu kifupi kipana, ikaenda kwenye shimo la kumi na mbili ambako iliamini namba nne imelala. Mkono ukachukua kilichokuwemo, ile drili ndefu. Ikashuka nayo kwa kasi, ikidhani imeshika kitu kifupi.

Ule mlio bado ninao. Drili ilipasuka, vipande vikaruka, na kichwa cha mashine kikapinda kwa ndani. Mashine ilisimama miezi mingi ikingoja vipuri kutoka ng'ambo.

Nilifungua kilango. Moja hadi ishirini, safi, vimepakwa mafuta, na pembeni kitambaa kimekunjwa mara nne. Nikajua.

"Nani ameguza hii mashine?" Bwana Nyakundi akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningesema, nilimdanganya mtu. Ningesema, aliniuliza vizuri nikamjibu vibaya. Wageni walikuwa wananitazama, nami nilikuwa msichana wa pekee mle ndani, na kila mtu alikuwa akingoja nishindwe. Nikasema, "Ni Baba."

Ulikuwa umeshakuja mbio kutoka kwenye lethi. Ulisikia. Ulinishika mabega, ukanikagua uso, huku na huku.

"Haikukugonga?" ukauliza.

Ofisini hawakukuweka sana. Wiki hiyo hiyo ulienda nyumbani, kabla ya miaka yako ya kustaafu kutimia, ukibeba sanduku lako la vifaa kwenye baiskeli. Kwenye kituo cha majani chai wakakupa jina, Bwana Usafi. Ulikuwa ukishusha kikapu, mtu anauliza, "Bwana Usafi, hujapanga majani kwa namba leo?" Ulicheka nao, kama ulivyozoea. Sikuwahi kukusikia ukijitetea.

Mama hakucheka. Nakumbuka alivyokuuliza jikoni, nami nimekaa palepale na kikombe cha mursik, yale maziwa yetu mgando, mkononi: "Nani alikutuma kushika vitu vya watu?"

"Hakuna mtu," ukasema. "Ni mikono yangu tu."

Nikanywa mursik yangu. Baba, nilikunywa nikamaliza.

Miaka minne nilikuja kila mwisho wa mwezi na sukari na unga, na kila mara uliniuliza habari za mashine kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nikasema iko sawa. Mara moja, tulipokuwa tukipogoa chai kule chini karibu na mto, ulinyoosha mgongo ukasema, bila kunitazama, "Na siku hizi inarudisha mahali yake?"

Nikakwambia twende, chai inapoa.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unauliza au ulikuwa unanifungulia mlango. Nimeligeuza swali hilo kila upande. Kama ulijua, basi ulinisubiri, na sikuja. Kama hukujua, basi ulikufa ukiamini kwamba kosa lilikuwa la mikono yako, mikono ambayo haikuwahi kuharibu shafti ya mtu. Sijui ni lipi nilitamani. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi huyo mjukuu amezaliwa mapema, nimemlea mwenyewe, na sasa ananishinda kumbeba.

Siku ya mazishi Bwana Nyakundi aliniita kando, karibu na mahali walipokuwa wakiosha sufuria. Alikuwa amelia.

"Mzee wako tulimuuliza," akasema. "Tulimuuliza mara tatu: kuna mtu alikuambia hizo vitu hukaa hivyo? Akasema hakuna. Angetaja mtu, hangeenda nyumbani. Ningemtetea mimi mwenyewe."

Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini. Nilirudi nikakaa na akina mama, wakadhani nalia kama wanavyolia wengine.

Bado naendesha mashine ile. Kila mkono unapogeuka na kuacha kifaa mahali pasipo pake, mimi hukusikia ukiuliza. Kuna fundi mpya, mzee kidogo, aliyetoka kiwanda kingine. Juzi alikuja saa ya chai akasimama akitazama, na kabla hajafungua mdomo nilimvutia kiti nikamweleza kila kitu, mpaka chai yake ikapoa. Alinishangaa. Haikunisaidia kitu, Baba, lakini alielewa.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Sikutaka asikie kanisani pamoja na watu. Alikuwa anakamua. Nilisimama upande wa kichwa cha ng'ombe nikamwambia yote, kuanzia saa ile ya chai mpaka kikombe cha mursik. Mikono yake ilisimama. Ng'ombe akageuka kumtazama.

Nilingoja anikaripie. Ningefurahi. Aliinuka, akamimina maziwa kwenye mtungi, akaosha ndoo, akaitundika kwenye kigingi chake, akaingia ndani. Tangu hapo hatujasemezana.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kuweka jina langu, mama akaja mlangoni pa stoo. Ameuliza kama karatasi imebaki na nafasi. Nimesema imebaki. Amekaa juu ya gunia, akiutazama ubao wako. Kisha amesema niandike hivi hivi, nisipambe:

"Mwambie, mimi ndiye nilimuuliza nani alimtuma. Akasema hakuna mtu. Nikaamini. Nikamnyima maneno miaka minne, mpaka akaenda. Mwambie nilimzika nikiwa nimemkasirikia, na haikuwa yeye."

Nimeandika, Baba. Jumamosi nitasoma ya kwangu, na huo ujumbe wake nitausoma pia, kama atanikubalia nisimame karibu naye.

Kongoi, asante, kwa kigingi, kongoi kwa zile namba zilizonyooka. Lala salama.

Ni mimi niliyekuambia ndiyo,
Binti yako