Muuaji Kwenye Karanga za Kikatiti

Kikwe, Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ya ukungu. Mlima Meru hauonekani.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sote wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kwa nini napenda riwaya za mauaji na mizimu. Nilipokuwa sekondari niliazima moja, kumbe kurasa za mwisho zilishachukuliwa na muuza karanga wa Kikatiti kufungia karanga. Nikamfuata.

"Mama, nitafutie karatasi yenye muuaji!"

"Kula kwanza, binti. Muuaji hakimbii."

Katika shajara yangu nilikuwa nimeandika kwamba muuaji ni mlinzi wa kwenye riwaya ile, kwa sababu alikuwa mkimya. Nilipozipata zile kurasa na kuzisoma, kumbe ndiye aliyemficha mtoto asiuawe. Niliona aibu mbele ya mtu wa kitabuni! Raha yake ndiyo hiyo: unamkosea mtu, na hakuna anayeumia.

Jana, katika kitabu ulichonitumia, nilimshuku daktari. Nimekosea tena. Nililala saa saba na robo usiku, nikicheka.

Bibi yako