Themanini na Tisa Umemwachia Nani?

Dada yangu mpendwa,

Huku tu wazima, ila kitambi changu sasa kinanitangulia kila mlangoni. Cherehani yako mpya inasemaje?

Leo nimeumbuka mbele ya darasa langu la watu wazima. Nilikuwa nawafundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa mbwembwe nikaandika ubaoni 7921, namba yangu ya bahati, nikaijaribu kwa kila namba tasa mpaka 83, nikatangaza kuwa ni tasa, nikaweka chaki chini. Mama mmoja, dobi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, themanini na tisa umemwachia nani?"

Tukagawa. Themanini na tisa mara themanini na tisa, kamili! Darasa zima likacheka, nami nikacheka nalo, kisha nikawaruhusu mapema.

Maana unaikumbuka namba hiyo. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja wetu tu, akasema atakayemletea kwanza namba tasa inayozidi 7900 ndiye atakwenda sekondari. Nikamkimbilia na 7921, akaikubali. Wewe ulikuwa bado unahangaika na 7919. Nimeikagua leo, Dada. Ni tasa, hata uifanyeje.

Nafasi ile ilikuwa yako. Miaka siwezi kukurudishia, lakini nimekuandikisha kwa Jumatatu saa kumi jioni, dawati la mbele, karibu na dobi. Usinijie na habari za uzee. Mimi nimezeeka na bado nakosea hadharani. Njoo na kalamu. Mwalimu wenu anahitaji mtu wa kumkagua.

Mdogo wako,
niliyeishia themanini na tatu