Boflo, Chai ya Rangi na Chirwa ya Dama

Bi Mshauri, baada ya salamu naomba unishike mkono kabla sijaivunja nyumba yangu, kwani mimi ni karani wa serikali hapa Kwale tangu mwaka wa Uhuru, nyumbani ni Kinango, nako hurudi kila mwisho wa mwezi, na kwa kuwa sitaki wanangu wale kama wachunga mbuzi nilimwamuru mke wangu Kadzo auze maziwa na mayai yote kwa mwenye hoteli pale sokoni, na kwa pesa hizo anunue mkate wa boflo, jemu na sukari, kunde na mchicha nikapiga marufuku, naye ametii bila neno, lakini mwanangu Dama, wa miaka miwili, amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa za rangi ya kutu, hachezi, anakaa tu, na mama yangu amemtazama akasema hii ni chirwa, maradhi ya mtoto ambaye mzazi wake amezini, na kwa kuwa mimi siko nyumbani mwenye kosa anajulikana, nami nimempa Kadzo mpaka Jumapili akiri mbele ya wazee au arudi kwa baba yake Mwinga, naye analia tu huku akimnywesha mtoto chai ya rangi. Je, nimrudishe peke yake au pamoja na mtoto?

Tsuma, Kwale

Bwana Karani, pole kwa ugonjwa wa mtoto. Pole ya pili nampa Kadzo, kwani wewe hukukumbuka kumpa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikaistaajabia elimu yako. Mbuzi wanakamuliwa uani, kuku wanataga, na mtoto anakufa njaa akiwa na jemu mdomoni. Kweli kwenye miti hakuna wajenzi. Watoto wa mwenye hoteli bila shaka wamenona, maana mayai ya Dama wanakula wao.

Na mama akishikilia kwamba ni chirwa, mwulize kwa adabu: wazee wenu walisema kosa ni la mama peke yake? Walisema ni la mzazi, na baba ni mzazi. Sasa nani hulala Kwale mwezi mzima bila shahidi? Kadzo hajakuuliza. Amekushinda kwa heshima.

Haya, nisikilize. Mtoto aliyevimba hapelekwi kwa wazee, hupelekwa hospitali, tena kesho asubuhi, si Jumapili. Omba ruhusa kazini. Daktari akishamruhusu, pojo au kunde zipikwe mpaka zilainike, zitiwe tui, zipondwe pamoja na sima laini. Uji utiwe maziwa. Yai moja kila siku, na mchicha ukatwe mdogo mdogo, usichemshwe mpaka ukawa matope. Alishwe kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Vingi katika hivyo viko uani kwako, havingoji mshahara. Chai ya rangi kunywa wewe.

Na kabla hujambeba mtoto, mwombe Kadzo radhi, mama yako akiwa amekaa hapo anasikia.

Ukikataa, basi warudishe wote wawili kwa Mwinga. Mzee wa watu atawapokea, watapakuliwa kunde na maziwa kama watu wengine, na mtoto atapona. Hapo Kinango nzima itajua chirwa ilitoka kwa nani.